Kambi ya mahema Burunge: ya mbele ya hema na ya nyuma ya jiko

Kambi niliyolala siku tatu mwezi Oktoba iko ndani ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge, yaani eneo ambalo vijiji vimelitenga kwa pamoja kwa ajili ya wanyama, wilayani Babati, kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara. Katika matangazo yake inajinadi kuwa kambi ya utalii endelevu, sifa ambayo siku hizi hubandikwa hata kwenye hoteli zenye mabwawa ya kuogelea katikati ya nchi kame. Nilikwenda kwa nia ya kuipima sifa hiyo, na nimerudi nikiamini kwamba kambi inaistahili kwa sehemu kubwa, ingawa si kwa sababu zile inazozitangaza.

Kinachotangazwa ni umeme wa jua na maji ya kuoga ya ndoo. Vyote vipo na vinafanya kazi: mhudumu hujaza maji ya moto kwenye ndoo iliyoning'inizwa nyuma ya hema, na yakiisha yameisha. Taa zilitosha kusomea na kitanda kilikuwa safi.

Lenye uzito zaidi ni mahali kambi ilipo. Wanyama wa Tarangire hawakai ndani ya mipaka ya hifadhi mwaka mzima. Kiangazi hukusanyika kando ya Mto Tarangire, na mvua zikianza nyumbu na pundamilia hutoka kwenda malishoni, wengi wakielekea mbuga za Simanjiro. Ushoroba, yaani njia ya wanyama, wa kuelekea Manyara hupita Kwakuchinja, ambako barabara kuu ya Arusha hadi Babati, mashamba na makazi vinazidi kuubana. Vijiji vya Burunge vimetenga sehemu ya ardhi yao ili wanyama wapite, na ardhi hiyo isipoleta kipato, mwanakijiji ambaye mahindi yake yaliliwa na tembo usiku ana kila sababu ya kudai igeuzwe shamba. Kwa hiyo mgeni anayelala humo analipia, pamoja na kitanda, sehemu ya gharama ya kuiacha njia hiyo wazi, jambo ambalo hata paneli mia za umeme wa jua haziwezi kulifanya. Inashangaza kwamba matangazo ya kambi hayasemi lolote kuhusu hilo.

Kiongozi wetu wa siku ya kwanza, kijana aliyezaliwa katika kijiji jirani, ndiye aliyeifanya safari iwe na thamani. Alituonyesha tembo wakichimba mchanga wa mto uliokauka ili wafikie maji, kisha akatueleza ni wanyama gani huja kunywa kwenye visima hivyo tembo wakishaondoka. Tulipokuta magari kumi na moja yamemzunguka simba mmoja chini ya mbuyu, alizima injini mbali kidogo na kukataa kujiunga nayo, licha ya manung'uniko ya abiria mwenzangu. Dereva wa siku ya pili alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa: aliacha barabara ndani ya hifadhi, kitendo kilichokatazwa, ili tumpige picha duma kwa karibu. Nilimweleza meneja, naye akaomba radhi, lakini sikuambiwa hatua gani ingechukuliwa.

Chakula kilikuwa kizuri na cha karibu, hasa wali wa mchele wa Magugu. Udhaifu mkubwa uko kwenye maji ya kunywa, ambayo hutolewa katika chupa ndogo za plastiki, mchana na usiku, na chupa tupu nilizikuta zikichomwa shimoni nyuma ya jiko. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na kambi inayojiita rafiki wa mazingira haipaswi kungoja katazo jingine ndipo inunue mtungi na chujio. Niliuliza pia kuni za moto wa jioni hutoka wapi. Sikupata jibu la kueleweka.

Nililipa shilingi 250,000 kwa usiku, milo yote ikiwemo, lakini bei hiyo ya Watanzania haimo kwenye tovuti na niliipata kwa kupiga simu. Stakabadhi ilionyesha jumla tu. Ada inayokwenda kwenye jumuiya ingeandikwa katika mstari wake peke yake, mgeni angejua anachangia nini, na wanakijiji nao wangekuwa na kitu cha kulinganisha na hesabu wanazosomewa.

Kwa upungufu wote huo, ningeichagua tena kuliko hoteli nyingi za kifahari nilizowahi kulala. Anayekwenda avae nguo za rangi ya udongo, kwa kuwa mbung'o wa Tarangire huvutwa na bluu na nyeusi, na wakati wa kuweka nafasi aombe mapema awekewe maji ya kunywa kwenye jagi.