Pipa la mboji la kuzungusha, vyumba viwili vya lita 80: zuri, ila wiki mbili zile sahau

Mapipa ya aina hii huuzwa kwa ahadi mbili: mboji tayari ndani ya wiki mbili, na kupunguza joto la dunia. Ya kwanza ni maneno ya muuzaji tu. Ya pili ni kweli, kwa sharti moja: hewa.

Mabaki ya jikoni yakifukiwa dampo, vijidudu visivyohitaji hewa huyageuza kuwa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha anga joto takriban mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Sasa pipa likilowa likashikana, methani hiyohiyo inatoka barazani kwako. Na hapa ndipo penye kasoro: matundu ni machache, na maji ya maganda hayana pa kutokea. Toboa matundu matano ya milimita 6 upande unaokaa chini pipa likitulia, kisha tega beseni.

Kila ndoo ya maganda itake ndoo mbili au tatu za majani makavu au kadibodi iliyochanwa. Chukua konzi moja ya mchanganyiko uikamue: tone moja au mawili yanatosha. Ikinuka mayai viza, maji yamezidi; ikinuka mkojo, makavu yamepungua. Usizungushe kila siku, utapata madonge kama mipira, nje makavu, ndani yameoza. Mara mbili kwa wiki inatosha.

Lita 80 hazitunzi joto. Mboji ya moto, ile inayoua mbegu na magonjwa kwa joto lake, hutaka lundo la karibu mita moja ya ujazo. Kwa hiyo magugu yenye mbegu na mimea yenye ugonjwa visiingie humu. Chumba kikifika robo tatu, acha kukilisha, hamia cha pili. Hesabu miezi miwili au mitatu, kisha mwezi wa kukomaa, maana mboji changa huunguza miche.

Chumba kimoja kikijaa na kingine kitupu, pipa hubiruka kwa kishindo, basi chunga vidole. Bolti za mhimili nazo hulegea, zikazwe mara kwa mara.

Mwenye uwanja atengeneze tenga la waya, ni rahisi na hushika joto zaidi. Pipa hili ni la mwenye baraza ya sakafu, au anayesumbuliwa na panya.