Kozi ya video ya figo na glukosi: sodiamu wameitendea haki, GLUT2 wameionea

Nimemaliza hii kozi ya video inayoelezea jinsi seli za figo zinavyosafirisha glukosi kutoka kwenye mkojo kuirudisha damuni, na kwa mtu anayesoma fiziolojia inafaa kabisa, ila isiwe ndo kitu pekee unachoingia nacho kwenye mtihani.

Kilichonibamba ni animesheni ya utando wa seli. Wengi wakifundisha hii mada wanakimbilia SGLT2, ile protini ya kwenye utando inayoingiza glukosi kwenye seli, eti inabeba glukosi basi yameisha, hawa jamaa wameanzia upande wa damu kwenye ile pampu inayokula ATP (nishati ya seli), inatoa sodiamu 3 inaingiza potasiamu 2, unaiona inavyopiga kazi mpaka sodiamu ndani ya seli inabaki kidogo, halafu ndo wanakuhamishia upande wa mkojo unaona sodiamu inavyojisukuma kuingia na glukosi imeidandia kama konda mlangoni. Yaani SGLT2 yenyewe haigusi ATP hata kidogo! Pale nilirudisha nyuma nikaangalia tena, safi sana.

SGLT1, ndugu yake SGLT2, nayo wameielezea vizuri. SGLT2 inabeba kama asilimia 90 ya glukosi mwanzoni mwa mrija wa figo, kule mbele SGLT1 inatumia sodiamu 2 kwa kila glukosi 1 kwa hiyo inaweza kukomba hata kale kadogo kaliobaki.

Sasa madudu. Glukosi ikishaingia kwenye seli lazima itoke iende damuni, na hiyo ni kazi ya GLUT2, protini nyingine ya upande wa damu, haihitaji sodiamu wala ATP, glukosi inateremka tu kule ilikopungua. Wamepita hapo kwa sentensi moja, tena mshale wake wameupaka rangi ileile ya pampu, mgeni si atadhani pampu ndo inaisukuma glukosi?

Grafu nayo mmh. Wanasema sukari ya damu ikifika kama 180 mg/dL inaanza kutokea kwenye mkojo, sawa, ila mstari wameukunja ghafla kama kona ya meza wakati kiukweli unapinda taratibu, maana nefroni (vile vichujio vidogo vya figo na mirija yake) hazifanani, zingine zinafika kikomo cha kubeba glukosi mapema.

Na kwenye dapagliflozini, dawa ya kisukari inayoziba SGLT2, wameacha swali tamu kuliko yote: ukiziba SGLT2, mbona glukosi inayopotea haifiki hata karibu na hiyo asilimia 90? SGLT1 inadaka nyingi kule mbele, walikuwa na animesheni tayari wakashindwa kuirudisha tu.

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya ule mshale.