Kadi za picha au hitaji moja kwa siku nzima?

Kuna njia mbili ninazozipenda za kuwafundisha watoto wadogo mahitaji ya msingi ya binadamu. Ya kwanza ni kadi za picha: maji, chakula, nyumba, nguo, dawa, mwanasesere, baiskeli. Mtoto anazigawa mafungu mawili, lazima na anasa. Ni rahisi, na darasa zima hushiriki. Tatizo ni kwamba jibu huwa limekwisha kupangwa. Baiskeli ni mchezo kwa mmoja. Kwa mwingine ndiyo njia pekee ya kufika shuleni. Na kucheza kwenyewe si anasa: Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unakutambua kuwa ni haki.

Njia ya pili ni kuchagua hitaji moja, tuseme maji, na kulifuata tangu asubuhi hadi usiku: kunywa, kunawa, kupika, kufua. Kisha waulize watoto: yanatoka wapi? Nani huyaleta? Yakikosekana je? Hapo mtoto hugundua kwamba anayechota kisimani na anayefungua bomba wana kiu ileile. Njia hii inakula muda na inataka mwalimu mvumilivu, lakini mimi naichagua. Kadi huweza kumwacha mtoto akiwahurumia tu “wale wa kule”. Maji yanamgusa na yeye mwenyewe.

Ukiwa na dakika 20 tu, tumia kadi, ila ongeza fungu la tatu: “inategemea”. Hapo ndipo watoto hubishana kwa hamu kweli.