Tiketi ya nyuma ya goli: chagua upande wa kipindi cha pili

Kiti cha nyuma ya goli ni kitamu kuliko vyote kwa dakika 45, halafu 45 nyingine unatazama migongo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ulizia timu ya nyumbani hupenda kushambulia wapi kwanza. Nyingi huanza zikilinda goli lililo mbele ya mashabiki wao sugu, ili kipindi cha pili, miguu ya wapinzani ikishachoka, zilishambulie lango hilo. Liverpool, uwanjani kwao Anfield, hupenda kumalizia upande wa Kop, jukwaa la mashabiki wao sugu nyuma ya goli. Nunua huko.

Uhakika kamili haupo. Tangu 2019 nahodha anayeshinda kura ya sarafu huchagua goli la kushambulia au kuanza mpira. Wageni wakishinda wanaweza kugeuza pande makusudi, na upepo mkali au jua machoni mwa kipa hubadili hesabu.

Safu za mbele kabisa ziache: nyavu zinakuziba macho na huwezi kupima umbali wa mpira. Kaa juu kidogo ya usawa wa mtambaa panya. Hapo unaiona krosi ikipinda, na beki akimsahau mshambuliaji nguzo ya mbali.