Njumu 84 na Kitasa Kimoja: Tathmini ya Karakana ya Kusafisha Shaba za Milango, Mji Mkongwe

Mlango wa nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Unguja, una njumu 84 za shaba ya njano, yaani vile vichwa vya madini vilivyotokeza kupamba uso wa mlango, bawaba mbili za chuma, tumbuu na mnyororo wake, pamoja na kitasa cha kale ambacho ufunguo wake unakaribia urefu wa shibiri. Kwa miaka kadhaa nilivisafisha mwenyewe, na kumbe nilikuwa nikiviharibu. Mwezi wa Novemba mwaka jana, nilipoona njumu za safu za chini zimeanza kugeuka rangi ya waridi, niliikabidhi kazi karakana moja ndogo ya hapo mjini inayoshughulikia vyuma vya milango na madirisha. Mlango umekwisha kupitiwa na kaskazi, masika na kusi tangu wakati huo, kwa hiyo naona sasa naweza kuwahukumu kwa haki.

Kilichonipendeza mwanzo ni kwamba fundi mkuu hakugusa kitu kabla ya kuuliza. Alitaka kujua natumia nini, nami nikamjibu kwa fahari kuwa ni ndimu na chumvi, dawa ya bibi zetu, ninayoipaka jioni na kuisuuza asubuhi. "Ndimu ni ya kuoshea, Maalim, si ya kulowekea," akaniambia. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na asidi ya ndimu ikikaa juu yake kwa saa nyingi, hasa ikiwa pamoja na chumvi, huanza kuila zinki na kuiacha shaba nyekundu usoni. Ule uwaridi nilioushangaa haukuwa uchafu bali jeraha. Bibi zetu hawakukosea, kwani wao walisugua sinia kwa ukwaju, au kwa ndimu na majivu, wakasuuza papo hapo kwa maji mengi na kukausha. Mimi ndiye niliyezitia njumu achari.

Kisha alitoa sumaku mfukoni akaipitisha juu ya njumu moja baada ya nyingine. Shaba haivutwi na sumaku, hivyo njumu 11 zilizonasa zikabainika kuwa za chuma kilichovikwa shaba juu juu, ambazo bila shaka mtu alizipachika zamani kuziba mapengo. Hizo alikataa katakata kuzisugua, akasema ataziosha kwa sabuni na kuzipaka nta tu, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba mno na dawa yoyote yenye chembechembe za kukwangua ingeimaliza na kukiacha chuma kitupu mbele ya hewa ya bahari. Nimewahi kuona mafundi wakipitisha mashine ya kung'arisha juu ya mlango mzima bila kujali kipi ni shaba na kipi si shaba, na ndiyo maana nalipa uzito jambo hili dogo.

Kazi yenyewe ilichukua siku nne. Walianza kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali na mswaki laini, ili kuondoa vumbi na chumvi, kwani kusugua shaba yenye chumvi kavu ni sawa na kuipiga msasa. Baadaye walichokonoa kwa vijiti vya mwanzi ule unga mweupe ulioganda ndani ya nakshi za mbao, yaani mabaki ya dawa ya kopo niliyokuwa nikiitumia siku za sikukuu. Kila njumu ilivishwa karatasi ngumu iliyotobolewa katikati ili dawa isiguse mbao, ikasuguliwa kwa kitambaa cha pamba na mkono mtupu. Pale njumu inapokutana na mbao waliacha kivuli cheusi; mwanzoni nilidhani ni uvivu, mpaka niliposimama ng'ambo ya kichochoro nikaona kwamba kivuli hicho ndicho kinachoifanya njumu ionekane imetokeza.

Kasoro yao kubwa ni laka, ile rangi angavu inayokauka na kuacha utando mgumu juu ya shaba. Kwa ushauri wao, safu tatu za chini, zinazoguswa na mabega na mizigo ya wapitao, zilipakwa laka, na zilizobaki zikapakwa nta ya nyuki. Masika yalipofika laka ilikuwa imekwisha kukwaruzwa hapa na pale, unyevu wa chumvi ukapenya chini yake na kuchora mistari ya kahawia mithili ya njia za mchwa, ambayo haifutiki bila kubandua laka yote. Zile za nta zimefifia, lakini zimefifia kwa usawa, na nusu saa ya kitambaa na nta mpya huzirudisha. Kwa mlango unaopigwa na upepo wa bahari, nisingekubali tena laka hata kwa bure.

Kitasa walikifungua, wakakisafisha na kukitia unga wa risasi ya penseli badala ya mafuta, ambayo hunasa vumbi. Mpaka leo ufunguo unazunguka bila kelele. Nondo za madirisha, kinyume chake, zilifanywa kwa haraka: rangi ilipakwa juu ya kutu pale nondo zinapoingia kwenye kizingiti cha chini, mahali maji yanapotuama, na tayari imefura.

Walitoza shilingi 2,500 kwa kila njumu ya shaba, jumla 182,500, bila kuhesabu zile 11. Kitasa na nondo vilikuwa na bei yake. Nimekubaliana nao warudi kabla ya kaskazi kuanza, wabandue laka na kupaka nta. Nondo nitampa fundi mwingine.