Jirani si mlango wa kati

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mhudumu wa chumba, kampuni haina haki nayo.

Safari ni ile ya meli ya kitalii, ya wiki moja ya kuanzia Dubai, inayopitia Abu Dhabi, Doha na ufukwe wa kisiwa cha Sir Bani Yas, msimu wa baridi ambao Ghuba hujaa meli hizo. Chakula na bwawa la kuogelea wataeleza wengine. Mimi nina neno moja tu, mlango.

Tulilipia vyumba viwili "vinavyopakana", kila kimoja mtu mzima na mtoto, kwa sababu kampuni nyingi hazikati tiketi ya chumba chenye watoto watupu. Kufika, kweli vinapakana: ukuta mmoja katikati, milango miwili ya kutokea koridoni, basi. Watoto wana miaka 4 na 7. Nikaenda mapokezi. Yule dada hata kichwa hakuinua: "Mmeomba jirani, mmepewa jirani. Mngetaka vya kuunganishwa mngesema." Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Sawa, na tuseme basi, maana wakala wetu naye hakusema. Chumba jirani na chumba chenye mlango wa kati ni bidhaa mbili tofauti. Kwenye ramani ya sitaha, vyumba vya mlango wa kati vina alama yake, mara nyingi mshale wenye ncha mbili au pembetatu ndogo inayogusa vyumba vyote viwili. Kila kampuni ina alama zake, kwa hiyo soma maelezo yaliyo chini ya ramani, chagua nambari zenyewe, na hakikisha nambari hizo zimeandikwa kwenye uthibitisho kabla ya kulipa. Ile bei nafuu ambayo chumba unapangiwa na kampuni iacheni kama mna watoto. Humo hata kuwa sitaha moja hakuna anayekuahidi.

Ila nisiusifu mlango huo kupita kiasi. Unavujisha sauti. Ukiangukia upande wa pili familia usiyoijua, utasikia watoto wao hadi usiku wa manane. Tena mara nyingi umekaa mahali ambapo lingekaa sofa la kulalia, kwa hiyo chumba kinapungua kitanda. Kwa watoto wadogo wawili, chumba kimoja cha watu wanne kinaweza kutosha na kikawa nafuu zaidi, mradi umwombe mhudumu atenganishe vitanda vya chini kabla ya kushusha vile vya dari. Vikibaki vimeunganishwa katikati, cha juu kinaning'inia pembeni na mkubwa atakigonga kwa kichwa kila akiamka. Wa miaka 4 asilale juu, ngazi ile ni nyembamba. Na ukiambiwa vyumba vya wanne vimekwisha huku meli ina nafasi, si lazima iwe uongo: idadi ya watu huhesabiwa pia kwa mashua za kuokolea za kila eneo, na eneo likijaa hawaongezi mtu wa tatu wala wa nne.

Mahali: chumba ambacho juu yake kuna vyumba na chini yake kuna vyumba. Chini ya sitaha ya bwawa, viti huburutwa kabla ya alfajiri. Omo kabisa, yaani mbele ya meli, utaamshwa na mnyororo wa nanga; tezi kabisa, yaani nyuma, na mtetemo wa mitambo. Ghuba kwa kawaida ni tulivu, kwa hiyo mimi kelele naiogopa kuliko mawimbi, ingawa shemali, ule upepo mkali wa kaskazini-magharibi, ikivuma wa omo na wa juu ndio wa kwanza kutapika. Katikati ya meli, sitaha za chini, mtoto analala.

Siku ya pili mhudumu wa chumba akatuona tunavyozunguka koridoni na mito. Hakuulizwa. Akatoa ufunguo, akafungua kile kizuizi kilichotenganisha baraza zetu mbili za upande wa bahari, zikawa baraza moja. Tukaingiza viti na meza ndani, maana mtoto akipanda kiti ameshafika usawa wa reli, tukafunga komeo la juu la kila mlango wa kioo, ikawa watoto hawatoki bila mkubwa. Akatuambia pia tuombe kadi za ziada ili kila mzazi afungue vyumba vyote viwili. Dakika tano, shida imekwisha. Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota nne, wallahi.

Kisha nikamkumbuka yule wa mapokezi. Kizuizi kile kina tundu la ufunguo wazi kabisa, kila baraza. Ama alijua akanyamaza, ama anakaa kwenye kaunta ile hajui meli yake inafunguka wapi. Kadi za ziada zenyewe ni yeye aliyetupa, bila neno.

Moja inabaki moja.