Persona (1966): anayenyamaza ndiye mwenye nguvu

Nimeitazama Persona ya Ingmar Bergman, filamu ya Uswidi, na bado haijanitoka kichwani. Elisabet Vogler, mwigizaji mashuhuri, ananyamaza ghafla jukwaani akiigiza tamthilia ya Electra, na kuanzia kesho yake hasemi kabisa. Madaktari hawaoni ugonjwa. Anakabidhiwa nesi kijana, Alma, na wawili hao wanakwenda kukaa katika nyumba ya daktari iliyo ufukweni.

Huko Alma anaongea. Anaongea mchana, anaongea usiku wa manane, mpaka anamwaga siri zake zote, pamoja na mimba aliyoitoa. Elisabet anasikiliza tu. Mwanzoni nilimwonea huruma mgonjwa. Baadaye nikaanza kumwogopa, maana kila Alma anachosema kinabaki kwake, naye harudishi chochote. Siku moja Alma anapeleka barua za Elisabet posta, moja haikufungwa. Anaisoma. Kumbe siri zake zimeshasimuliwa kwa daktari, na Elisabet anaona raha kumchunguza nesi wake!

Kinachofuata kimenishika kuliko yote. Glasi inavunjika nje ya nyumba. Alma anazoa vipande, anaona kimoja kimebaki pale Elisabet anapopita peku, anakiacha. Anakaa kusubiri. Hakuna neno. Elisabet anapita, anarudi, anapita tena, hadi anakanyaga.

Baadaye Alma anamweleza Elisabet habari za mtoto ambaye Elisabet hakumtaka. Tunayasikia maneno yote kamera ikiwa kwenye uso wa Elisabet, kisha maneno yaleyale tena, sasa tukimtazama Alma. Wapo watakaochoka hapo. Mimi mara ya kwanza nilisikia mashtaka, mara ya pili nikasikia mtu anayeungama. Ndipo Bergman anaunganisha nusu ya uso wa Bibi Andersson, anayeigiza Alma, na nusu ya uso wa Liv Ullmann, anayeigiza Elisabet, na hujui tena nani ni nani.

Dakika za mwanzo ni ngumu: kondoo anachinjwa, msumari unapigiliwa kiganjani. Usizime. Filamu yenyewe haifiki hata saa moja na nusu. Ila chagua nakala yenye tafsiri nzuri ya maandishi. Ya kwanza niliyoipata iliruka sentensi nzima za Alma, na bila maneno ya Alma ukimya wa mwenzake hauna uzito wowote. Nyota tano.